Fedha Yangu Haiombi Radhi

Wadi Sidra,
20 Rabiul Akhir 1386
(kwa hesabu ya Mwingereza, Agosti 1966)

Mpendwa mjukuu wangu Musabbah,

Assalamu alaikum. Nakutumia salamu za joto, na joto lenyewe huku tunalo la kugawa. Hujambo? Kifua kimepona? Mama yako anasema unakohoa tangu Ramadhani. Kunywa maji ya zaatari, uachane na hayo maji ya chupa yenye mapovu. Mimi ni mzima. Magoti tu yanalalamika, nayo nimeyazoea kama mtu anavyomzoea jirani mbaya. Yule ngamia wako mweupe amezaa jike.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandishi wa barua wa sokoni ana tabia ya kunisafishia maneno, na haya sitaki yasafishwe. Mwalimu wa chuoni alinifundisha herufi, adabu za ofisini hakunifundisha, kwa hiyo vumilia.

Barua yako nimeipata, na ile karatasi uliyoikunja ndani yake nimeiona. Hukuuliza hata hali ya mama yako. Umeanza tu, "Bibi, tafadhali tia saini." Ni ya Kiingereza, nimesomewa. Inasema kwamba mimi, Ghubaisha binti Surur, nilitumia fedha iliyokatazwa, kwa kutojua, na sasa naiomba radhi Serikali ya Kiingereza. Kwa kutojua, mimi.

Sasa tulia nikueleze, maana uliyoyasikia huko Bahrain umeyasikia kwa hao hao Waingereza wanaokulipa mshahara.

Mwaka juzi, unakumbuka, Bwana Pelham, yule afisa wa Kiingereza, alikuja na gari lake akamtaka Sheikh Mattar akubali kwamba reale, sarafu zetu za fedha, zisipokewe tena hapa kwetu, si sokoni, si kwenye mnada wa maji. Sababu hatukuwa sisi. Alikuwa anamhofia mfalme wa ng'ambo ya mchanga: anayepokea fedha yake leo, kesho atapokea na bendera yake. Sheikh naye anauhitaji ulinzi wa Waingereza, akapiga muhuri. Watu wakabeba reale zao wakapewa rupia za karatasi. Wewe ukaniandikia nami nibadilishe, eti karatasi ni nyepesi kubeba.

Nyepesi kweli. Mwezi wa Safar India wakaishusha rupia yao, na hii yetu ikashuka nayo, kama mbuzi aliyefungwa kamba moja na mwenzake aliyetumbukia shimoni. Tulilala sanduku la falaji, la kutunzia mfereji wetu wa maji, limejaa, tukaamka limepungukiwa na hakuna mwizi aliyeingia. Ninyi huko Bahrain rupia mlikwisha kuitupa mwaka jana mkashika dinari zenu. Je, ulipokuwa unanishauri ulijua kwamba inakuja kutupwa, au hukujua? Jibu lolote utakalonipa litaniudhi.

Msiba haukuja peke yake. Falaji ikabomoka. Paa la mfereji liliporomoka huko chini kwa chini, karibu na kisima mama, maji yanakoanzia, na maji yanayotufikia yakawa membamba kama mkono wa mtoto. Hapo tende ndiyo kwanza zinageuka rangi. Kwenye mnada, Mzee Thani, dalali wa maji, akitaja zamu moja tu watu wanarukiana, na wajane wanarudi nyumbani wameinamisha vichwa. Ile mitende aliyoipanda marehemu baba yako ilianza kuangusha matunda mabichi. Nilikuwa nayaokota asubuhi nampa mbuzi, huku moyo unaniuma.

Wakaitwa wachimbaji wa kabila la Awamiri, kama desturi, kwa kuwa hakuna mwingine anayeingia ardhini kule akatoka salama. Mkubwa wao akaonyeshwa sanduku. Aliishika ile karatasi kwa ncha ya vidole, akairudisha, akasema, "Hii inashuka haraka kuliko sisi. Sisi tunataka fedha."

Fedha nani anayo? Wadi nzima ilinitazama mimi. Ule mkufu wangu wa mahari, wenye reale zilizoungwa moja moja, babu yako alinivisha enzi zile lulu zikiwa bado na thamani, na sikuupeleka popote. Sheikh akaniita barazani. Nikavaa barakoa yangu mpya nikaenda.

Nikamkuta Bwana Pelham amekaa, miguu hajui aiweke wapi, na pembeni yake mkalimani wa Sharjah. Wakanieleza mpango wao. Mkufu niukabidhi kwao, wao wawalipe wachimbaji kimyakimya, mimi nipewe karatasi yenye muhuri, na kosa la kuficha fedha nitasamehewa. Nikauliza nani aliyeomba kusamehewa. Nikawaambia fedha nitaitoa, lakini nitailipa mimi, mkono kwa mkono, mchana, mdomoni mwa kisima, na kila mtu aone. Na kama fedha inafaa kuchimbia maji, basi ifae na kuyanunulia.

Mwingereza akatikisa kichwa. Mkataba umetiwa saini, akasema, na kuuvunja hadharani ni kuidharau serikali yake.

"Basi serikali yake ishuke kisimani ikazibue," nikamwambia mkalimani.

Mkalimani akatafsiri kitu kifupi mno. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimesema mengi kuliko hayo. Mpe yote." Akatokwa jasho, akampa yote. Sheikh Mattar akajifunika mdomo kwa ncha ya kilemba kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Hapo Bwana Pelham akataka kujua kama fedha hiyo nimeletewa na watu wa mfalme wa ng'ambo. Nimezeeka, Musabbah, nimetukanwa na wengi, lakini hilo lilinichoma. "Mwambie fedha hii alinivisha mume wangu siku ya arusi," nikasema, "na huyo mfalme hatukumwalika."

Nikamgeukia Sheikh. Wewe unafikiri yeye ni mtu wa kupiga muhuri tu. Akashika ndevu zake muda mrefu, kisha akamwambia Mzee Thani, pole pole, ili mkalimani asipotewe na neno: "Mnada wa Ijumaa upokee kile anachopokea mchimbaji." Hakutaja fedha. Hakutaja mkataba. Akaagiza kahawa.

Nikaenda kwa sonara nikakaa mbele yake akiukata mkufu. Sitakudanganya kwamba sikulia, barakoa ina faida zake. Kisha nikapanda mpaka kisima mama, jua la utosini, nikamwekea mkubwa wa wachimbaji reale moja moja kiganjani. Bwana Pelham alisimama kando ya gari lake akiangalia. Hakuthubutu kunizuia, akaondoka bila kunywa maji. Ijumaa ile, mjane wa Huwaidin alilipia zamu yake kwa kikuku cha fedha, na Mzee Thani akakipima na kukipokea mbele ya watu.

Sasa ndiyo imekuja hiyo karatasi yako. Najua kwa nini wamekupa wewe uniletee. Wanataka jina langu ili waseme kikongwe alikosea, mkataba uko pale pale, na Ijumaa ijayo Mzee Thani afukuze fedha mnadani. Siku nikitia jina, yule mjane hana maji. Ndiyo sababu sitii. Usiniandikie tena kwamba ni mstari mmoja tu. Hata talaka ni mstari mmoja.

Unasema watakuachisha kazi nisipotia. Nimelisoma hilo, nikaacha kuandika nikaenda kukaa na mama yako, maana sina moyo wa jiwe. Yeye alikuwa anasuka mkeka. Akaniambia bila kuinua uso, "Asije akala mkate wa kumuuza bibi yake." Hayo ni ya mama yako, mimi nimeyabeba tu.

Basi wakikuachisha, rudi. Maji bado hayajakamilika. Wachimbaji wamefika katikati ya kifusi, na wanatafuta mtu mwenye mabega wa kuvuta vikapu vya udongo juu. Malipo ni fedha. Mikono itachubuka wiki ya kwanza, halafu itakumbuka ni ya nani.

Msalimie shangazi yako Afra hapo Muharraq na mumewe Jumaan, umwambie mbegu za bizari alizoahidi bado nazingoja. Huku wanakusalimu mama yako, dada yako Hissa na Mzee Thani. Sheikh naye anakusalimu, amesema hivyo kwa sauti kubwa barazani, uelewe mwenyewe.

Mungu akutilie baraka katika afya yako na riziki yako, na akupe uti wa mgongo. Mengine unayo.

Ni mimi bibi yako ninayekupenda, hata nikiwa nimekasirika,

Ghubaisha binti Surur

Jina hilo nimeliandika kwa mkono wangu. Karatasi yao nakurudishia humu humu, tupu.