Mzee wa Miaka Sitini na Nne

Jumatatu, 4 Machi
Wamekitoa kile kinyama cha ndani ya mrija wa mkojo. Dakika ishirini tu! Kidogo kama punje ya mtama, ndicho kilichokuwa kikitoa damu. Kitapimwa. Usijitie presha, kijana, kasema daktari wa upasuaji. Presha ilishaingia. Na maabara yenyewe ni yetu — karani wa mapokezi ni mimi.

Jumanne, 5 Machi
Kichupa chenye kinyama changu kimefika dirishani kwangu saa tatu. Nimejipokea mwenyewe, nikajisainia. Fundi wa maabara alikuwa nyuma yangu, na mdomo wake ni redio. Angeliona jina langu pale, ningekuwa kichekesho mpaka nistaafu. Nikaandika fomu upya. Jina la kubuni. Umri: 24 nikaigeuza 64. Mzee hachekwi. Jibu nitalitafuta kwa namba.

Jumatano, 6 Machi
Kipande kimegandishwa ndani ya nta, kinasubiri kukatwa vyembamba na kuwekwa kwenye vioo vya hadubini. Mkojo bado unachoma. Mama kapiga simu: mbona sauti imenywea hivyo? Mafua, nikamwambia.

Alhamisi, 7 Machi
Mama Vioo — ndivyo tunavyomwita daktari wetu wa hadubini — kaniita saa nane. Kumbe anataka simu ya "yule mzee". Anaona nyama ya tezi dume iliyoota mrijani. Angekuwa kijana, anasema, angeandika si saratani na kufunga jalada. Lakini kwa umri ule saratani ya tezi hujificha vivyo hivyo. Anataka mzee akatwe tena, kwa kina zaidi.
Fundi akadakia: "Maskini mzee wa watu! Visu tena?"
Nikajibu, sawa, Daktari. Sawa! Mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi nikabisha kwake.
"Daktari, yule mzee ni mimi."
Akanitazama juu ya miwani. Hakucheka.
"Mimi huku naona nyama tu, mdogo wangu. Mtu namsoma kwenye fomu yako." Kisha: "Funga mlango. Kaa. Una miaka mingapi?"
Nikamwambia. Akasema haahidi kitu, anaanza upya.
Niko kwenye kiti cha pembeni, naandikia magotini. Kioo cha kwanza. Cha pili. Amekirudia cha kwanza. Sasa anapiga mluzi, taratibu, kichwa bado kimeinama. Miaka mitatu hapa — sijawahi kumsikia akipiga mluzi juu ya saratani —