Betri Niliyoigeuza

Elia, mume wangu mdogo,

Marahaba. Babu yako anakohoa kidogo tu, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Umeuliza kwa nini naijaribu tochi yangu ndogo ya shaba hata mchana kweupe. Niliinunua mjini miaka ile bidhaa za nje zilipojaa madukani Mwanza. Nilivyoipenda, nilikuwa naigeuza betri moja ndani yake isije ikajiwasha na kuisha bure.

Mchana mmoja mama yako, akiwa na miaka mitatu, alimfuata kuku akaingia kwenye pango la mawe nyuma ya nyumba yetu Ilemela. Nilimwita, kimya. Nikawasha tochi, haikuwaka. Nikasikia kitu kinajiburuta humo ndani, nami nabonyeza tu. Ndipo nikaikumbuka ile betri. Niliigeuza, nikabonyeza tena.

Mwanga ulimkuta amejibana ukutani, na nyoka anapita juu ya miguu yake.

“Tulia, mama. Usisogeze mguu.”

Alitulia mpaka nyoka akapita.

Siku hizi betri sizigeuzi, Elia. Zikiisha, acha ziishe.

Bibi yako,
Kabula