Benki Inataka Kujua Ninapolala

Tarehe 3 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na goti lako limepoa. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio umechacha.

Umeniandikia kwamba umekipaka chokaa chumba changu, na kwamba shemeji analalamika nimezifukuza spana zake kabla hata sijafika. Nilicheka peke yangu. Sasa nikueleze yaliyonipata.

Pensheni yangu hupitia benki. Mwezi uliopita walitangaza kwamba asiyekubali vigezo na masharti mapya kwenye simu hatalipwa. Mimi niliyeishi kwa kusahihisha prufu za vitabu kabla havijachapwa niliyasoma yote, nimesimama kwenye foleni. Wanataka kujua simu yangu inalala wapi kila usiku. Ikilala nje ya nchi hii zaidi ya mwezi, malipo yanakatwa. Tena wanachukua majina na namba za wote waliomo ndani yake.

Binti wa dirishani aliniambia, mzee wangu, hayo hayasomwi, yanabonyezwa. Nikamuuliza kama yeye ameyasoma. Akasema naye alibonyeza ya kwake, ndiyo maana ana kazi. Mtu wa nyuma yangu akataka kujua kama nina mtihani kesho.

Jirani yangu, fundi cherehani, alijitolea kulala na simu yangu nikiwa huko kwenu. Akaapa ataifunika vizuri isipate mafua. Lakini kila Jumatatu inadai uso wangu, nigeuke kushoto, nigeuke kulia, kama nilivyogeuzwa kule kituo cha polisi, kabla sijaikimbia nchi yetu.

Unakumbuka kule kituoni walichukua kitabu changu cha anwani, wakaanza kuwaita watu mmoja mmoja. Kaka yetu aliitwa wa tatu. Hatukumwona tena.

Kwa hiyo nimekufuta, Chiriku. Wewe, shemeji na watoto. Simu imebaki na namba ya kliniki na ya fundi cherehani. Ndiyo maana ukipiga sipokei. Nilipomaliza kuwafuta nikabonyeza Nakubali, kwa kidole changu mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu. Pasipo pensheni hiyo sina dawa za presha, na sitaki kuja kukuugulia mikononi.

Nisalimie watoto, mkubwa kwa mdogo. Usinipigie, niandikie.

Sitarudi.

Ni mimi kaka yako