Trela ya Bwana Pendrell

Jumatatu, 7 Juni 1954

Bwana Pendrell wa shamba la kahawa Ruiru ameikubali ramani yangu. Trela ya mbao ya kwenda nayo kupiga kambi — watu wawili walale ndani, na gari lake dogo, Morisi, liweze kuivuta. Iwe nyepesi, amesema mara tatu. Anataka pia sanduku la kufuli chini ya kitanda. Nimeandika kwenye ramani: bunduki hapa.

Kwa urefu wa kitanda, Muigai, fundi mwenzangu, alilala sakafuni nikampima, maana yeye na Bwana wanalingana kimo. Akajifanya anakoroma. Fundi mzima!

Jumatano, 9 Juni

Fremu imesimama. Muigai kule, mimi huku, tukainyanyua bila hata kuguna. Kesho anakwenda Ruiru kuchagua mbao za podo. Nimempa ramani, asije akasahau vipimo.

Alhamisi, 10 Juni

Muigai hakurudi.

Ijumaa, 11 Juni

Wamemkamata kwenye msako wa wapiganaji wa msituni, stesheni ya Ruiru. Kipande chake cha kitambulisho kilikuwa sawa. Lakini mfukoni wamekuta ramani.

Alasiri wamekuja hapa karakana, inspekta na askari wawili. Muigai amewaambia ni trela ya mzungu, na aliyechora ni mimi, Barasa. Mzungu mwenyewe yuko Mombasa, hakuna wa kumuuliza. Inspekta akafungua karatasi, akaweka kidole kwenye lile neno bunduki. Akataka kujua kama mwandiko ni wangu.

Nikasema siujui.

Fremu ilikuwa nyuma yangu. Kwa inspekta ni mbao tu. Mimi Mluhya, si wa kabila la Muigai wanalolisaka, hawakunisumbua zaidi.

Jumanne, 15 Juni

Plaiwudi ubavu mmoja. Gundi imeshika vizuri. Ugali wa jana bado uko kwenye sufuria — sina njaa, sina chochote.

Mumbi, mke wa Muigai, amekuja. Hakulia. Amesikia kwamba Jumatatu ijayo waliokamatwa watapakiwa kwenye lori wapelekwe kambini, kizuizini, mbali.

"Baba Nafuna," akasema, "wewe sema tu hiyo karatasi ni yako."

Nikamwambia nitakwenda kesho. Alipotoka nikaendelea kupiga randa.

Jumatano, 16 Juni

Sikuenda.

Alhamisi, 17 Juni

Sikuenda. Nimepaka vanishi. Harufu siisikii.

Jumamosi, 19 Juni

Bwana Pendrell amerudi. Ameingia ndani ya trela, akalala chali. Kitanda kimemtosha barabara. Akacheka, akauliza nilimpima lini.

Akainyanyua ncha ya trela kwa mkono mmoja. Amefurahi mno. Rafiki yake, mkubwa wa polisi hapa Thika, naye atataka moja. Mchana wanakula pamoja. Akaomba ramani akamwonyeshe. Nikasema imepotea.

"Basi chora ingine," akasema. "Mimi nakwenda posta, narudi. Andika kila kitu kama ya kwanza."

Karatasi iko hapa, kando ya daftari hili. Nimechora magurudumu, mlango, kitanda. Nimeandika: maji hapa. Mistari imenyooka, nami naona aibu kwamba imenyooka. Mkubwa yule akiiona, ataujua mwandiko: ni ule wa karatasi ya Muigai. Muigai atatoka, mimi nitaingia kwa uongo niliowaambia. Nikiliacha sanduku tupu, bila neno lile, Bwana atauliza — au hatauliza.

Nimeandika herufi tatu za kwanza: bun. Morisi inaingia uani —