Pumzi Iliyopitia Msalato

S.L.P. 1187,
Msalato,
Dodoma.
21 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Habibu,

Asalaam alaykum. Shikamoo yako naisikia kutoka huko kisiwani, nami naiitikia marahaba kabla hujaitamka. Hujambo lakini? Chakula cha huko kimekukubali, au bado unaota ugali wa uwele na mlenda? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baridi ya Juni imeshika, upepo unavuma tangu asubuhi, na Mama anashinda juani nyuma ya nyumba amevaa sweta lako la shule, lile la kijani. Nimemnunulia jipya, halivai.

Tafadhali, kabla hujafungua ule mfuko mweusi ulio ndani ya boksi, soma barua hii hadi mwisho. Ningeweza kukupigia, lakini simu zetu unazijua: "Dada, mtandao unakatika, nitakupigia baadaye." Hiyo baadaye yako tumeingoja sana. Barua haikatiki.

Idi imepita tena bila wewe. Mama alikutengea fungu lako la nyama kama kawaida. Alipoona siku zinakwenda akalikausha, nalo limo kwenye kopo la bluu. Usiwagawie wenzako lote.

Nyumba tumeipaka chokaa upya. Mama alisimamia kila ukuta, akatuachia tuteremshe vitu vyote isipokuwa ile ala ya kisu cha marehemu Baba. Hiyo aliishusha kwa mkono wake, akaipaka mafuta, akairudisha kwenye msumari wake. Unakumbuka Baba alipokuwa akipeleka mahindi Kibaigwa? Kisu alikifunga kwenye kitambaa akaondoka nacho, ala akamwachia Mama. Tukimuuliza, Baba alikuwa akisema kisu hakiwezi kukaa uchi siku nyingi, lazima kirudi. Na kila safari alirudi.

Sasa nije kwenye hicho ulichonituma. Uliponiambia nikuchagulie regulata yako ya kwanza nitakapokuwa Dar es Salaam kwenye semina, mimi regulata niliyoijua ni ya mtungi wa gesi jikoni. Nikajiuliza huyu mtoto amepata jiko au amepata mke? Kumbe ni chombo cha kukupa pumzi chini ya maji. Nilicheka, halafu sikucheka tena. Mtu wa ofisi za serikali Mtumba, anayeshinda na mafaili, ndiye wa kukuchagulia pumzi!

Lakini nilikuelewa uliposema umechoka na vya kuazima, vimetafunwa na meno ya wanafunzi wote wa kupiga mbizi hapo na kimoja kinakuingizia maji ya chumvi. Nikaenda. Dada muuzaji aliniwekea viwili mezani. Cha kwanza kidogo, chepesi, kinang'aa kama bangili ya harusi. Akasema wasafiri wanakipenda. Cha pili kizito kidogo, hakina mapambo. Alinieleza mambo mengi ya pistoni na presha nikawa naitikia tu kwa kichwa. Mwishowe nikamuuliza swali langu moja: hiki kikiharibika, nani anakitengeneza, na yuko umbali gani na mdogo wangu? Akakirudisha kabatini kile kinachong'aa.

Kwa hiyo ulichopata ni kile kizito. Vipuri vyake vipo, na fundi yuko ng'ambo tu ya maji kutoka kwako. Kichwa chake ni cha kubana juu ya mtungi kama ulivyoniagiza, si cha kuzungusha kwa ndani. Nilihakikisha na ule mpira wa pili upo, wa njano, wa kumpa mwenzako akiishiwa hewa. Nilipomwonyesha Mama alikaa akauangalia huo wa njano, akauliza, "Kwani ana mwenzake?" Swali hilo utalijibu wewe.

Uliomba kipitie nyumbani kwanza Mama akisomee dua ndipo kije kwako. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama alikipokea kwa mikono miwili, akasoma, akapuliza. Halafu, kabla sijamzuia, akakiweka mdomoni avute. Habibu, hewa haikuja. Akavuta tena, macho yakamtoka. Akakitoa akanitazama vile ambavyo sijawahi kutazamwa naye. "Hiki ndicho unachompelekea mwanangu? Kinaziba pumzi!" Nikakichukua nijaribu mwenyewe. Kweli, kimegoma kabisa, kama kunyonya ukuta. Nilikuwa nimekuchagulia mwenyewe, kwa maringo yangu ya kuuliza maswali ya maana dukani.

Nilimpigia yule dada wa duka. Akacheka sana. Akaniambia bila mtungi hakina hewa ya kumpa mtu, na kile kifuniko cheusi kinachoziba njia ya hewa kikiwa mahali pake lazima kigome. Kikigoma ndiyo salama, maana yake hakuna kinapovuja, na wapiga mbizi wenyewe hukijaribu hivyohivyo. Ningepaswa kuogopa kama kingepitisha.

Lakini nenda kamweleze hivyo Mama! Alikuwa ameshakifunga kwenye khanga na kukiweka chini ya kitanda chake. Alisema kitu kinachomnyima pumzi yeye aliye nchi kavu hakiwezi kumpa mwanawe aliye majini, na radhi yake hatoi. Unamjua. Na unajua kwa nini. Ulipokuwa mchanga kule Kondoa ukashikwa na nimonia, yeye ndiye aliyekaa na sikio juu ya kifua chako akisikiliza kama bado unapumua. Tangu hapo kifua chako anakiona ni mali yake, amekuazima tu. Chakula chake akawa anakirudisha nusu. Nami nilijua bila radhi yake hutaingia majini, na ukiingia utaingia na moyo mzito. Sikujua lipi baya zaidi.

Aliyetuokoa ni Petro, mume wa jirani yetu Loisi. Yeye ni mtu wa uokoaji, wale wanaotoa watu mabwawani na visimani. Jumamosi iliyopita alikuja na mtungi wa hewa begani, ana ruhusa ya mkubwa wake, na kwa bahati mdomo wake ulikuwa wa kubana, kama chombo chako. Alimwamkia Mama, akamwomba hicho kitu kwa adabu kama anaomba mchumba. Mama alikwenda ndani, akakaa humo mpaka nikadhani hatoki, kisha akaja nacho.

Petro alikifunga, akafungua hewa. Kikalia chwiii, kuku wote wakakimbilia kwa Loisi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, na sweta lako. Salma wangu akambana pua bibi yake kwa vidole viwili. Mama akauma ule mpira wa mdomoni, akavuta.

Hewa ikaja. Tuliisikia ikiingia, halafu ikitoka, kwa sauti nzito ya polepole. Mama akafumba macho. Akavuta tena, na tena. Petro alipotaka kumpokea, akamsukuma mkono. Tukabaki tumesimama pale uani watu wazima wote, tunamsikiliza mama yetu akipumua. Sijui kwa nini nililia. Nilijisingizia maharage yanaungua nikaingia jikoni.

Alipokitoa mdomoni hakumtazama mtu. Alisema, "Ndivyo alivyokuwa akilala. Hivihivi. Nimemsikia mwanangu." Kisha akafuta ule mpira kwa pindo la khanga, taratibu, kama alivyokuwa akikufuta wewe mdomo.

Radhi umeipata, mdogo wangu. Ameitoa mbele yetu sote, kwa sauti, na Petro Mkristo wa watu akaitikia amina kwa nguvu kuliko sisi. Amesema ushuke na upande salama, usimwache mwenzako, na usijifanye samaki.

Sasa fungua mfuko. Utaona kila kitu kipo isipokuwa kidomo, kile kipande laini cha kuuma kwa meno. Usidhani kimedondoka kwenye basi. Mama alimwomba Petro akate ile kamba ya plastiki inayokishika, akakivua mwenyewe. Nilimwambia Mama, bila hicho hawezi kukitumia. Akasema anajua. Akapeleka kidomo ndani, akakitundika kwenye msumari wa Baba, ndani ya ala.

Anakusalimu Mjomba Khamisi wa Kondoa. Anasema karanga mwaka huu zimekubali na gunia lako liko mlangoni linaliwa na panya. Petro na Loisi wanakusalimu. Salma anauliza mjomba wake anafananaje. Picha anazo, lakini anasema picha hazimbebi. Wasalimie wenzako wote hapo, na huyo wa mpira wa njano kama yupo.

Habibu, mimi si mjinga. Najua vidomo vinauzwa hata huko, vya bei ndogo, vya rangi zote, na mtu anakibadilisha yeye mwenyewe akiwa amekaa mchangani. Mama naye anajua, Petro alimwambia. Akajibu, "Basi akitaka, atanunua." Tangu siku ile, basi la jioni likipiga honi barabarani, anainuka kwenye kigoda chake anaangalia njiani, halafu anakaa tena.

Usinunue.

Mungu akulinde juu ya maji na chini yake, akurejeshe nchi kavu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye na kukungoja,

Hamida