Kiti cha Jumanne

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ya huku inanichosha. Wewe je? Najua utajibu "sijambo", kama kawaida yako.

Kaka ananiambia kila Jumanne unakwenda hospitali kuwafundisha wauguzi kuzungumza na wagonjwa wa saratani. Eti wanajizoeza kwako namna ya kutoa habari mbaya, nawe unawamwagia yote: maumivu, nywele, hofu. Na kuna mmoja mnamwita Kimya, unampenda kama binti yako. Mama, binti yako ni mimi. Mbona mimi huniambii? Nina wivu, wala sioni haya kusema.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, usicheke.

Wivu wako umenifurahisha kidogo. Sasa sikiliza. Muuguzi lazima avute kiti, akae, aulize swali moja, kisha afunge mdomo mpaka mimi niseme. Wengi wanashindwa, wanakimbilia "pole mama, utapona". Hao nawarudisha mlangoni waanze upya. Kimya alipatia mara ya kwanza. Wewe nilipokuambia naumwa, kabla sijamaliza ulishanitafutia daktari mwingine na dawa za mtandaoni. Nikaishia kukubembeleza wewe.

Mama

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliichana, kisha nikaiunga kwa gundi. Kumbe nimepitwa na msichana aliyekujua juzi. Yeye akitoka hapo anakwenda zake kula. Mimi nikinyamaza, nitalia. Mwambie huyo Kimya wako asikuzoee.

Mwanao

21 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujajibu, na nimestahili. Bado namwonea wivu, sitakudanganya.

Nimevuta kiti. Unaogopa nini?

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo sitasema sijambo.

Barua yako ilikuwa fupi hadi nikageuza karatasi kutafuta mahubiri. Sikuyaona, nikakaa nayo jikoni muda mrefu.

Ugonjwa umeingia kwenye mifupa. Daktari aliniambia mwezi wa nne. Jumanne iliyofuata Kimya alivuta kiti, akauliza vizuri, akangoja mpaka kipindi kikaisha, na sikumwambia. Kaka yako pia hajui. Nilikuwa nakuwekea wewe, ila nilikuwa sijui nitaanzia wapi.

Naogopa kuondoka ukiwa mbali. Njoo. Kulia ruhusa.

Mama yako