Nilimfundisha Maman Fang kufukuza mteja wa kwanza

Maman Épiphanie mpendwa,

Naomba unisikilize mpaka mwisho mbele ya kunigombeza, juu moyo wangu hautulii na hii neno siwezi kuiambia muntu yeyote hapa Kamembe. Ukiiweka mu gazeti yako, majina yote ubadilishe, mimi uniite tu Maman wa viatu. Kwetu ni Bukavu kule Congo, niliolewa huku Rwanda, nina miaka kumi na moja nauzisha viatu mu soko, na bateja bangu bengi ni bale bamaman benye kuvuka daraja la Rusizi ya Pili asubuhi mapema, banunue jumla, barudi kuuzisha ng'ambo.

Mwaka jana akakuja mama mumoja Muchina, tunamuita Maman Fang, akafungua butiki ya viatu mbele yangu kabisa, mlango kwa mlango. Kwao alikuwa anashona viatu mu kiwanda miaka kumi na ine, halafu patron akaleta mashine zenye mikono ya chuma, pahali pa bantu makumi mbili akabaki mumoja tu wa kuzichunga, na bwana yake naye kiwanda chake kikafanya vile vile, njo shemeji yao mwenye kufanya kazi ya barabara upande wa Nzahaha akabaita huku. Nilimuonea huruma, kweli. Lakini bwana yangu Birindwa akaanza: "Huyu ni wa kwanza tu! Kama mashine zinafukuza bantu vile, bataenda wapi? Bote huku! Na wewe utakula nini?" Kila siku ile ile, hata ku meza, mpaka mimi nikaanza kuhesabu kila Muchina ninayepita naye, babili ku banki, batatu ku garage, nikifunga macho naona soko nzima ni yao na mimi niko nje nauzisha maandazi.

Sasa kosa langu. Siku moja Maman Fang akaniletea bakuli ya maandazi yao yenye nyama ndani, batoto bangu bakakula bakaramba vidole, na yeye akaniuliza na Swahili yake ya kuvunjika: "Dada, mteja ya hapa napenda nini? Fundisha mimi." Mungu anisamehe, nikamwambia mteja wa kwanza asubuhi usimpunguzie hata faranga moja, akibembeleza umurudishe mikono mitupu, kwetu njo heshima ya butiki. Maman, we unajua vile iko! Mteja wa kwanza njo anafungua siku, hata ukikosa faida unamwachia, ukimurudisha bule umefukuza baraka yake na yako. Yeye akasema aksanti, akaandika mu kadaftari kake.

Toka ile siku anabarudisha bamaman ba Bukavu, tena na tabasamu, kumbe anazani anabaheshimu. Maman Christelle alirudishwa mara mbili, akatangaza ku daraja nzima asema ule Muchina ana mkosi. Sasa hakuna muntu anaingia kwake, bote bananijia mimi. Halafu juzi akakuja analia, bwana yake amesema mwisho wa mwezi banafunga, kwao kazi haiko, mashine zimejaa, hata hajui batoto atabalisha na nini, na akaniuliza: "Dada, mimi nakosea wapi? Nafanya yote wewe nasema."

Nikamwambia mteja ananingojea, nikageukia viatu. Nikisema ukweli soko itanicheka, tena yeye atabaki, na bandugu zake batamufuata. Nikinyamaza, batoto bake batakosa chakula juu ya mdomo wangu. Nifanye nini, Maman?

Maman wa viatu, Kamembe

*

Maman wa viatu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikakasirika.

Hofu yako si ya kijinga. Mashine zikichukua kazi kule, watu wataelekea wapi? Labda watakuja wengi. Labda watakuja wachache, maana mashine zenyewe zinaweza kufika mpaka kwenye hiyo barabara, na shemeji wa Maman Fang naye akakosa kazi. Birindwa hajui, na mimi sijui. Kama unahofia soko lako, chama cha wauzaji kipo na mikutano ipo: simama huko mchana, useme kwa jina lako. Ni haki yako kabisa.

Lakini wewe hukusimama popote. Ulichukua desturi ya mama zetu, ukaigeuza kichwa chini miguu juu, ukampa mgeni aliyekuletea chakula. Aibu, mama! Umeogopa maelfu ambao hujawahi kuwaona, ukampiga mmoja unayemjua. Na wale bamaman wanaovuka daraja asubuhi, wakarudishwa mikono mitupu, walikukosea nini? Usinitajie Birindwa tena. Hofu ilikuwa yake, mdomo ulikuwa wako.

Majina nimebadilisha yote, lakini Kamembe ni ndogo. Kabla ya jioni kuna mtu atakayetambua habari hii na kumweleza Maman Fang. Afadhali aisikie kwako. Funga kibanda sasa hivi, uende peke yako. Mwambie: "Nilikudanganya kwa kusudi, kwa sababu niliogopa." Usiongeze "lakini". Kisha mfundishe desturi jinsi ilivyo, aiandike upya mbele yako. Kesho asubuhi mngoje Maman Christelle darajani umwambie vile vile, tena kwa sauti, kwa sababu jina la mtu likichafuliwa sokoni halisafishwi chumbani. Watakucheka. Wacha wacheke.

Huenda Maman Fang akakufukuza. Vumilia. Huenda akabaki, na wateja wako wengine wakahamia kwake. Sitakudanganya, utauza kidogo kuliko mwezi huu. Lakini mama yule alikuuliza alikosea wapi, na tangu siku ile anajichunguza mwenyewe akitafuta kosa ambalo hana. Nenda ukamjibu.